Mafuta ya bei ya chini hayafiki Mokowe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba vikwazo vya mafuta ya Urusi ni ugomvi wa wakubwa, hautuhusu sisi wa Lamu. Mimi ni nahodha wa boti, nabeba abiria wa Mokowe na Amu. Kusi ikivuma nikapata safari ya Faza, naliona dumu la lita 20 linavyokauka. Bahari ikichafuka mashine hainywi, inabugia.

Vikwazo vile havikuyafunga mafuta, viliyageuza njia. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mafuta ghafi ya Urusi yanayokuja kwa meli, na nchi za G7, yale mataifa saba tajiri, zikaweka kikomo cha dola 60 kwa pipa. Anayeuza juu ya hapo asipate meli wala bima zao. Walitaka mafuta yaendelee kutoka ila Moscow ivune kidogo. India, ambayo kabla ya vita vya Urusi na Ukraini haikununua Urusi hata asilimia 3 ya mafuta yake, ikapita thuluthi moja. Ikayasafisha kwake Gujarat, kisha dizeli nyingine ikauziwa Ulaya hiyohiyo. Nyama haramu, mchuzi halali!

Sisi je? Punguzo lilikuwa kwenye mafuta ghafi, na anayelifaidi ni mwenye kiwanda cha kusafishia. Chetu kilikuwa Changamwe, Mombasa, tangu miaka ya sitini. Kiliacha kusafisha mwaka 2013, siku hizi matangi yake ni ghala tu. Hata tungepewa pipa kwa nusu bei, tungelimimina wapi? Tunanunua petroli iliyokwisha safishwa, kwa bei ya soko la dunia, na tangu 2023 kwa mkopo wa kampuni za Ghuba ya Uarabuni. Mwaka huohuo VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16. Hiyo ilipitishwa Nairobi, tusimsingizie Putin.

EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei tarehe 14 kila mwezi. Ikipanda, tarehe 15 mimi ni wa kugombana gatini. Bibi mmoja wa Matondoni, kapu mkononi, alitaka nimweleze hao wa Ukraini wamemkosea nini hata alipe nauli yao. Nilimpunguzia, nikavuka kwa hasara.

Sasa tunaambiwa bomba la kutoka Lokichar litaleta mafuta ya Turkana hapa Lamu, yapakiwe yakiwa ghafi. Yale mapipa 200,000 ya majaribio ya 2019 yaliondoka Mombasa vivyo hivyo, ghafi. Wabunge wetu wa Pwani wanapolisifu bomba hilo, naomba watuambie na hili: petroli ya mashine zetu itasafishwa wapi, au tutayatazama mafuta yakipita mbele ya Manda kisha tukayanunue tena Ghuba?

Nahodha wa boti,
Mokowe, Lamu