Kabla ya kupiga Windows upya, okoa data kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na mafundi wenzangu wa kompyuta, na wenye kompyuta nao wasikie. Kuna mazoea yanayotuvunjia heshima. Mashine ikigoma kuwaka, jibu la kwanza la fundi ni "tuipige Windows upya". Diski inafomatiwa, na picha za familia, mahesabu ya biashara na tasnifu ya mwanafunzi vinakwenda nayo. Kumbe mara nyingi Windows haikuwa na kosa: ni RAM (kumbukumbu ya kazi) iliyolegea, au diski iliyoanza kufa. Fundi mwenye flashi moja yenye mifumo mingi ya kuwashia angelijua hilo kabla hajafuta chochote.

Flashi hiyo haihitaji utaalamu wa ajabu. Programu huria ya Ventoy, iliyotoka mwaka 2020, imeondoa usumbufu wa kuchoma kila mfumo kwenye flashi yake. Unaisimika mara moja tu, kisha faili za ISO, yaani kila mfumo ukiwa umefungwa katika faili moja, unazinakili kama unavyonakili nyimbo. Ukiwashia mashine kwenye flashi hiyo, inakuletea orodha ya ISO zote uchague. Ipakue kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, wala usichukue kopi inayozunguka kwenye magrupu. Chombo kitakachoingia katika mashine za watu wote lazima ujue kilikotoka.

Flashi ya GB 64 ya USB 3 inatosha. Lakini kabla ya kuiamini, ipime. Flashi bandia huandikwa GB 64 huku ndani ina GB 8 au 16. Inapokea kila unachoweka bila kulalamika, ila data ikizidi uwezo wake halisi inapotea au inaandikwa juu ya nyingine. Dalili yake inafahamika: ISO za mwanzo zinawaka vizuri, za mwisho zinakwama katikati. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux tumia f3write kisha f3read. Programu hizi huijaza flashi yote na kuisoma tena. Inachukua muda, na muda huo haupotei bure.

Ukifungua Ventoy2Disk, kisimikaji cha Ventoy, ingia sehemu ya Option, uchague MBR kwenye Partition Style (namna ya kugawa diski), na uhakikishe Secure Boot Support imewekwa tiki; Secure Boot ni kinga ya mashine inayozuia mifumo isiyotambulika kuwaka. Nasema MBR kwa sababu zipo mashine kuukuu za BIOS (programu ya zamani ya kuwashia mashine) zinazokataa kuwaka kutoka kwenye flashi ya GPT, mgawo mpya zaidi, ilhali MBR ya Ventoy inawasha za zamani na za UEFI, mrithi wa BIOS, pia. Hakikisha jina na ukubwa wa kifaa ulichochagua kabla ya kubofya Install, maana kila kilichomo kinafutwa. Baada ya hapo flashi inakuwa na sehemu mbili: kubwa yenye mpangilio wa faili uitwao exFAT, ya kuwekea faili, na ndogo ya MB 32 iitwayo VTOYEFI, ambayo huna sababu ya kuigusa. Hiyo exFAT ina faida yake. FAT32, mpangilio wa zamani, haipokei faili linalofikia GB 4, na ISO ya Windows ya siku hizi inazidi hapo.

Za kuweka si nyingi. Memtest86+ ya kupima RAM, toleo la 6 au la baadaye, kwa kuwa matoleo ya nyuma hayawaki kwenye UEFI. SystemRescue, mfumo wa Linux ambao ndani yake mna smartctl ya kupima afya ya diski, ddrescue ya kunakili diski mbovu na TestDisk ya kurejesha partisheni zilizopotea. Clonezilla ya kunakili diski nzima, na GParted ya kupanga partisheni. Hiren's BootCD PE kwa wanaopenda kufanya kazi ndani ya mazingira ya Windows. Kisha ISO rasmi ya Windows 11. Windows 10 iweke kwa ajili ya mashine zisizokubali 11, ukijua kwamba muda wake wa kawaida wa kupata masasisho uliisha Oktoba 2025. Vyote hivi vinaacha nafasi ya folda ya draiva. Majina ya faili yawe mafupi na yasiwe na nafasi katikati.

Kila ISO ihakiki. Kwenye Windows andika certutil -hashfile jina.iso SHA256, kisha linganisha herufi na tarakimu 64 zinazotokea (alama ya kulitambua faili) na zile zilizoko kwenye tovuti ya watengenezaji. Halafu usichomoe flashi kwa sababu tu mstari wa kunakili umefika mwisho. Data nyingine bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikisubiri kuandikwa. Itoe kwa njia salama, la sivyo utabaki na ISO iliyokatika mkia.

Kwenye mashine yenye Secure Boot, mara ya kwanza utakutana na ujumbe wa "Verification failed". Wengi hapa hukimbilia kuzima Secure Boot. Haina haja. Bonyeza OK, kisha kitufe chochote, chagua "Enroll key from disk", ingia VTOYEFI, chagua faili la ENROLL_THIS_KEY_IN_MOKMANAGER.cer, kubali, uwashe upya. Inafanyika mara moja tu kwa kila mashine.

Na kuizima ovyo kuna madhara. Laptopu nyingi za Windows 11 zina diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba data, hata kama mwenyewe hajui. Ukigeuza Secure Boot, Windows inaweza kudai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Mteja asipokuwa nao, data yake imefungwa, na hakuna ISO itakayoifungua. Kwa hiyo ufunguo huo uulizwe siku ya kupokea mashine, ukiwa bado hujagusa chochote. Mara nyingi unapatikana kwenye akaunti ya Microsoft ya mteja. Kama Windows bado inawaka, andika manage-bde -protectors -disable C: kwenye dirisha la amri la msimamizi, ulinzi usitishwe kwa muda.

Sasa kazi yenyewe. Mashine inayozima ghafla au kuleta skrini ya bluu, ianzie Memtest86+. Iache imalize angalau mzunguko mmoja kamili. Kosa moja jekundu linatosha: toa kadi za RAM, safisha sehemu za mguso, pima moja moja. Kupiga Windows kwenye RAM mbovu ni kupanda mbegu kwenye mwamba, maana hata faili za usimikaji zinaharibika zikipita humo.

Baada ya RAM, diski. Ndani ya SystemRescue andika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL uzitambue diski kwa ukubwa na modeli, kisha smartctl -a /dev/sda, ukiweka jina la diski husika badala ya sda. Kwa diski za SATA (za kebo ya kawaida) tazama namba 5, 197 na 198 kwenye ripoti itakayotokea; zote zinahusu sekta mbovu. Namba 197 ikiwa juu ya sifuri, kuna sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inazisubiri. Kwa NVMe, zile SSD za kisasa, tazama "Media and Data Integrity Errors".

Diski ikionyesha dalili hizo, usithubutu kuendesha chkdsk, amri ya Windows ya kurekebisha diski. Hili nalisisitiza kuliko yote. Chkdsk yenye /r inaandika kwenye diski na kuilazimisha isome kila kona, na diski mahututi inaweza kukatikia hapo hapo. Inakiliwe kwanza kama ilivyo, kwa ddrescue (hapa /dev/sda ni diski ya mteja, na /mnt/hifadhi ni diski ya kupokelea):

ddrescue -d -n /dev/sda /mnt/hifadhi/mteja.img /mnt/hifadhi/mteja.map

Mzunguko huu unachukua sehemu zinazosomeka kirahisi na kuziruka zilizoharibika. Kisha rudia amri hiyo ukiweka -r3 badala ya -n, irudi kwenye zile ngumu. Faili la .map ndilo linalokumbuka ulipofikia. Umeme ukikatika unaendelea pale pale, mradi usilifute. Diski ya kupokelea iwe na nafasi kuzidi ukubwa wote wa diski ya mteja, hata kama mteja ametumia robo yake tu, na isiwe ya FAT32. Soma mara mbili kipi ni chanzo na kipi ni mapokezi, kwa sababu ukivigeuza unaandika juu ya data uliyokuja kuiokoa.

Diski ikiwa nzima, ifungue kwa kusoma tu na unakili folda za mteja. Linux ikikataa kuandika kwa maelezo kwamba Windows imelala, wala usiilazimishe. Ni ile hali ya kuwaka haraka ya Windows (Fast Startup), na kunakili hakuhitaji kuandika.

Kuna kisa kingine kinachowafanya mafundi watangaze diski imekufa wakati ni nzima: kisimikaji cha Windows hakioni diski yoyote. Kwenye laptopu nyingi za Intel sababu ni VMD, mpangilio wa Intel wa kusimamia diski ambao kisimikaji hakina draiva yake. Weka draiva ya Intel RST iliyofunguliwa kwenye folda ya flashi, kisha bofya "Load driver" uielekeze huko. Usibadilishe mpangilio wa VMD au RAID wa mashine ambayo Windows yake bado ni nzima, maana itagoma kuwaka. Na ISO ya Windows ikikwama mara tu baada ya kuichagua, jaribu "wimboot mode" kwenye menyu ndogo ya Ventoy kabla ya kuilaumu flashi.

Mwisho, flashi hii isichomekwe kwenye Windows ya mteja iliyokwisha kuwaka. Hapo ndipo inapookota virusi na kuvipeleka kwa mteja anayefuata. Mashine izimwe, flashi ichomekwe, iwashwe kupitia menyu ya kuwashia, ambayo kwa Dell na Lenovo kwa kawaida ni F12, kwa HP ni F9. Ukilazimika kuichomeka kwenye Windows ya mtu, hakiki tena ISO zote kabla hujaitumia kwingine.

Fundi msomaji wako