Barua kwa Rehema: mbegu, chumvi na kaa la moto

Kolkata, India, Jumapili usiku

Shoga yangu Rehema,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na macho yangu. Nisamehe sana. Barua yako ilinifikia kabla ya arobaini ya mama yako na leo ndiyo kwanza nashika kalamu. Sikusahau hata siku moja. Kila nikianza naishia kwenye salamu, maana swali lako si la kujibiwa kwa pole peke yake.

Uliniandikia kwamba mlipokuwa mnamwosha, wewe na Bi Zuhura, ulimshika mama mkono ukaona kila kitu kipo: lile kovu la mafuta ya maandazi, hina ya Idi kwenye kucha, ule mshipa wa juu ya kiganja. Kila kitu kipo, yeye hayupo. Ukaniuliza: wewe unayesoma mambo ya jeni, hebu niambie, kilichotoka ni nini?

Nimelala na swali hilo na nimeamka nalo. Kwa hesabu ya somo langu, Rehema, siku ile hakikutoka kitu. Vinasaba vyake, yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, herufi kama bilioni tatu alizorithi kwa babake na bilioni tatu nyingine kwa mamake, vilikuwepo vyote mlipokuwa mkimmiminia maji ya karafuu maiti. Unakumbuka mwaka 2023 wataalamu walipotoa matokeo ya vinasaba vya mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya kale ya pwani yetu, Mtwapa na Manda ikiwemo? Kombo alitushikia redio usiku kucha kwa ubishi, nani Mwafrika, nani Mwajemi, mpaka ikasemwa kwamba upande wa wanawake asili ni Afrika zaidi na upande wa wanaume wengi ni Uajemi. Wakati ule nilifurahia asili tu. Sasa naona jambo jingine kabisa. Watu wale wamelala kaburini karne na karne, herufi zao bado zinasomeka, na hakuna aliyeinuka. Kama herufi ndizo uhai, basi kifo ni nini?

Nikampelekea swali lako mama mwenye nyumba wangu. Tunamwita Mashima, kama sisi tunavyosema mama mdogo. Ni mjane, kila alfajiri anamwagilia mti wake wa mrihani pale uani, na mumewe alikuwa mwalimu wa Kisanskriti. Hakunijibu. Alinipa tini moja kavu na wembe, akaanza kunisimulia kisa cha Upanishad ya Chandogya, kitabu cha kale cha hekima ya Kihindu, kilichotungwa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita.

Kijana Shvetaketu amerudi nyumbani ana miaka 24, amesoma Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, miaka 12, kichwa kimemvimba. Babake, Uddalaka, anamwambia: niletee tunda la nyagrodha. Ni mti wa jamii moja na mkuyu wetu na mtini, nao huangusha mizizi kutoka matawini. Lipasue. Nimelipasua, baba. Unaona nini? Mbegu, ndogo sana. Ipasue mbegu moja. Nimeipasua. Unaona nini? Sioni kitu, baba. Ndipo mzee anamwambia: hicho usichokiona ndicho kilichosimamisha mti mkubwa namna hii, na wewe, Shvetaketu, ndicho wewe.

Nilijaribu, Rehema. Mbegu ya tini ukiigusa kwa wembe inaruka. Ya tatu ndiyo niliyoipata, nikaipasua juu ya kisahani cheupe. Nikaona vumbi la rangi ya maziwa, basi.

Wapo hapa wanaosema kwa fahari kwamba wahenga wao walikuwa wanazungumzia vinasaba. Mimi sikubali, na naona wanamdhulumu Uddalaka wakidhani wanamtukuza. Angekuwa anazungumzia vinasaba, angesema ndani ya mbegu kuna maandishi ya mti. Hakusema hivyo. Alisema kile kisichoonekana ni kimoja kwenye mti, kwako, kwangu na kwa vyote. Vinasaba vinafanya kinyume, vinatutenganisha: huu mkuyu, huyu Rehema. Halafu si wahenga wote wa Kihindi walikubaliana. Wapo walioitwa Charvaka, waliosema hakuna roho. Uhai na fahamu hutoka mwilini kama ulevi unavyotoka kwenye pombe, ingawa viungo vyake kimoja kimoja havilevyi. Ukiwauliza walimu wangu wa maabara, wengi watakaa upande wa Charvaka bila kujua jina lao.

Ila kuna jambo la chumvi. Uddalaka anamwambia mwanawe atie chumvi ndani ya maji, alale, asubuhi amletee ile chumvi. Haipo. Onja juu. Chumvi. Onja katikati. Chumvi. Onja chini. Chumvi. Sisi mwezi wa kwanza wa masomo tulifundishwa kutoa vinasaba kwenye ndizi: unaiponda, unatia sabuni ya vyombo ipasue utando wa seli, unatia chumvi, unachuja, kisha unamimina spiriti baridi polepole ikae juu. Ghafla zinapanda nyuzi nyeupe, zinajikunja kama kamasi. Chumvi ndiyo inayosaidia zishikane zionekane. Nilizizungushia kijiti nikazinyanyua, na mikono ilikuwa ikinitetemeka. Mzee wa kale alitia chumvi ili kitu kipotee machoni kibaki mdomoni. Sisi tunaitia ili kitu kitokeze. Na ndizi yangu, shoga, ilikuwa imeshakufa pale mezani, na nyuzi zake zote ninazo kijitini.

Jumamosi nilivuka mto Hooghly kwenda bustani ya mimea ya Howrah kuuona ule mti wao mkubwa wa nyagrodha. Una zaidi ya miaka 250. Shina lake la mwanzo lililiwa na kuvu likaoza, wakaliondoa mwaka 1925. Mti haukufa! Umesimama kwa mizizi yake, maelfu, ukiingia ndani unadhani umeingia msituni. Ile michanga inaning'inia hewani kama katani iliyoanikwa Tanga. Uddalaka alisema pia habari ya mti: uhai ukiacha tawi moja, tawi linakauka, ukiacha mti mzima, mti mzima unakauka, kinachokufa ni kile kilichoachwa, uhai wenyewe haufi. Nilisimama pale nikakulilia wewe na mama, mlinzi akaniletea maji.

Sasa nikwambie nililolipata, maana ndilo lililonifanya nikuandikie. Mwaka 2010 kundi la mwanasayansi Craig Venter kule Marekani lilitengeneza kwa kemikali vinasaba vyote vya bakteria, herufi zaidi ya milioni moja. Vikiwa peke yake havikufanya lolote. Iliwabidi wavitie ndani ya seli nyingine iliyokuwa hai tayari, ndipo vikashika kazi. Mwaka 2016 wakaupunguza uhai hadi jeni 473, yaani vipande vya maandishi hayo, na katika hizo 149 hawakujua zinafanya nini. Unaona nini? Sioni kitu, baba.

Yaani maandishi hayajawahi kuwasha uhai. Uhai unapokewa kwa aliye hai, kama tulivyokuwa tukitumwa kwa Bi Zuhura na kigae kuomba kaa la moto. Hata Uddalaka anautaja moto: alimfungisha mwanawe siku 15, akawa hakumbuki hata Veda, akamwambia umebaki kaa moja tu dogo kama kimulimuli, nenda kale, utawaka tena.

Basi hesabu nami. Yai lililokuja kuwa wewe liliumbika mama akiwa bado tumboni mwa bibi yako. Na yai lililokuja kuwa mwanao Salma liliumbika ukiwa wewe tumboni mwa mama. Miezi ile aliyokubeba, Rehema, Salma naye alikuwa humo. Kaa halikuzimika hata dakika moja katikati. Na zile chembe zinazoipa seli nguvu, mitokondria, zina vinasaba vyao wenyewe, herufi kama 16,500, na hizo hutoka kwa mama peke yake. Ni za mama kwako, na zako kwa Salma.

Lakini hilo linaeleza kilichobaki. Wewe uliuliza kilichotoka. Yule aliyekuwa akikuita "we Rehe" kutoka jikoni, huyo simpati kwenye herufi wala kwenye kaa. Uddalaka angesema amerudi kwenye kile kimoja, kama chumvi majini. Ustadh alitufundisha roho ni katika amri ya Mola, nasi tumepewa elimu kidogo tu, na mimi nimesimama hapo. Maabara haijanitoa hapo, imenionyesha tu ule udogo una ukubwa gani.

Karatasi inakwisha. Salma ameanza kutambaa? Usiku unalala? Nani anakaa na baba jioni, na anakula? Bi Zuhura ameshawagawia zile kanga za mama, au bado zimo kwenye sanduku? Na ule mwasumini wa mlangoni, mama alioupanda kwa tawi alilopewa na mamangu, ungali unachanua? Nakuomba unikatie tawi moja lenye vifundo viwili vitatu, ulipeleke kwetu ulichomeke pale karibu na kisima walikokuwa wakikaa wawili wale. Liwekee kivuli wiki ya kwanza, na usilimwagilie maji mengi.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaidi