Tulipeni kwa wakati, kampuni changa zinakufa

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hizi kampuni changa za teknolojia hapa Dar. Kila siku tunaambiwa shida ni mtaji, sawa, ila sisi tunaotengeneza programu ya madeni kwa wenye maduka Mbagala tunaona mengine kabisa. Mangi anakuonyesha simu imejaa mapicha ya WhatsApp, hakuna nafasi ya kupakua kitu, bando lenyewe la kuungaunga, na daftari lake la madeni lipo pale chini ya mzani anajua kila ukurasa, sasa utamshawishi na nini? Ndo tukahamia kwenye menyu ya nyota na reli, inakubali hata kitochi. Hata M-Pesa kule Kenya ilibadilika kwa kuwafuata watumiaji: ilijaribiwa 2005 kwa marejesho ya mikopo midogo, watu wakaanza kutumiana hela wenyewe, ikazinduliwa 2007 kama huduma ya kutuma pesa.

Kinachotuua hasa ni malipo. Kampuni kubwa inakupa kazi, unakesha unaimaliza, invoisi inakaa miezi, ukiuliza unaambiwa bosi kasafiri, na huku vijana wanadai mshahara na mwenye nyumba anataka kodi yake. Jamani kampuni kubwa, tulipeni ndani ya siku 30.

Mdau wa teknolojia,
Dar es Salaam