Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: mashine imelala, mimi bado niko macho

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu ya rufaa,

YAH: MASHINE YA MRI, YA KUPIGA PICHA ZA NDANI YA MWILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sijawahi kuvuta sigara hata ya mzaha. Mwaka 2019 nilikohoa, nikapewa dozi ya TB ya miezi 6, nikaimaliza, kikohozi kikabaki. Walipochukua kinyama cha pafu wakakipime ndipo ikaonekana saratani ya mapafu, nayo imeshapanda kichwani: vivimbe vinne. Kaka yangu aliitwa pembeni, akaambiwa anirudishe nyumbani nikapumzike. Ndugu wakaanza kuulizana kaburi lichimbwe wapi. Leo asubuhi, Mheshimiwa, nimesahihisha madaftari ya darasa la tano.

Mungu namshukuru, lakini dawa nazo zina sehemu yake. Kinyama kile kilipimwa tena, ikakutwa hitilafu ya jeni iitwayo ALK. Wenye nayo ni wachache, kama 5 katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya mapafu, na wengi wetu sigara hatuijui. Ubongo una ukuta unaochuja damu. Dawa nyingi huishia mlangoni. Dawa iitwayo alektinibu inapita (nilivyoipata ni hadithi ya siku nyingine). Ipo na lorlatinibu: matokeo yaliyotolewa 2024 yalionyesha kwamba baada ya miaka 5, asilimia 60 ya walioianza ugonjwa wao ulikuwa bado haujasonga mbele. Miaka mitano, na hiyo ni hatua ya nne, yaani saratani iliyokwisha kusambaa!

Ila saratani hujifunza kuikwepa dawa. Kivimbe kikionekana kingali kama punje ya mtama, kinaunguzwa kwa mionzi ya kulenga palepale na mtu anarudi kazini. Kikiachwa kikue, ndiyo kifafa na kupooza. Kwa hiyo kila miezi 3 lazima nipigwe MRI.

Ijumaa iliyopita nilikuja, saa 7 nzima ndani ya basi, nauli nimekopa VICOBA. Kijana wa dirishani hakuinua hata macho kwenye simu: "Mama, mashine mbovu, rudi mwezi ujao." Mwezi uliopita alisema hivyohivyo. Akatupia jicho karatasi yangu, akaongeza: "Halafu wewe si hatua ya nne? Unatafuta nini tena?"

Siku ulipokata utepe nilikuwepo. Ulisema mashine hii haitalala hata siku moja, na vigelegele nilipiga mimi. Sasa ile mashine yenye makelele, tangu Februari hata kukoroma haikoromi. Wapo wanaosema fundi hajalipwa. Wengine wanasema umeme umeiunguza. Mimi nahisi, unisamehe nikikosea, hakuna mwenye haraka kwa sababu mnajua wanaoisubiri watakuwa wameshazikwa.

Tangu Jumapili kichwa kinaniuma upande wa kulia. Labda kipandauso. Labda mawazo. Mimi sijui, na wewe hujui, kwa sababu mashine ni mbovu.

Sikuombi dawa, Mheshimiwa, wala pole. Naomba mashine itengenezwe. Kama haiwezekani, tuandikieni rufaa tukapimwe kwingine bima ilipe. Lakini mashine kwanza. Mwezi ujao nakuja tena, na basi lilelile la saa 11 alfajiri.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu, hatua ya nne, mwaka wa 6