Kwa nini ramani uliyohifadhi haikufunguka msituni

Kila theluji inapoanza kutulia njiani, ujumbe tunaoupokea kuliko mwingine wowote ni huu: "Ramani yangu imekwenda wapi?" Mteja alikaa nyumbani akapanga safari, akahifadhi ramani, akazima data na kuona kwa macho yake kwamba inafunguka. Wiki mbili baadaye yuko msituni juu ya pikipiki yake ya theluji, mtandao hakuna, anafungua programu anakuta ukurasa mweupe. Tunaumia kila tunaposoma ujumbe wa namna hiyo, maana kwenye baridi kali, jua likielekea kuzama, hakuna nafasi ya kubahatisha njia.

Programu yetu ya ramani haipakuliwi kwenye duka la programu. Inafunguka ndani ya kivinjari cha simu. Tuliamua hivyo ili itumike kwenye simu ya aina yoyote, na ili njia ikifungwa leo kila mwendeshaji aone leo. Lakini maana yake ni kwamba ghala la ramani zako ni mali ya kivinjari, sisi ni wapangaji tu. Tangu 2020, Safari, kivinjari cha Apple kilichomo kwenye iPhone, hufuta data iliyohifadhiwa na tovuti ikiwa umekitumia kivinjari kwa siku 7 bila kuigusa tovuti hiyo. Sheria hiyo iliwekwa ili kuwabana wanaowafuatilia watu mtandaoni, na hilo ni jema. Bahati mbaya inafagia na ramani za njia.

Dawa ipo. Fungua programu kwenye Safari, bonyeza alama ya kisanduku chenye mshale unaotazama juu, kisha chagua kuiongeza kwenye skrini ya mwanzo. Programu iliyowekwa hapo haiguswi na ufutaji huo wa siku 7. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, pakua ramani upya ukiwa umeingia kupitia ile alama mpya, kwa sababu ghala lake ni tofauti na la Safari. Ulichohifadhi mwanzo hakihami chenyewe. Wenye Android hawana kikomo hicho cha siku 7 kwenye Chrome, ila simu ikijaa, kivinjari kinaweza kufuta vitu ili kupata nafasi. Usiku wa kuamkia safari, zima mtandao ufungue ramani. Ikifunguka, lala.

GPS yenyewe haihitaji mtandao, inasikiliza setelaiti. Hata hivyo, bila mtandao huweza kuchukua dakika kadhaa kupata mahali ulipo kwa mara ya kwanza, kwa hiyo iwashe pale unapoanzia, kabla hujaingia msituni.

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kulirekebisha, na ni haki yako kulijua. Skrini ikizimika, kivinjari huacha kuipa programu mahali ulipo, na mstari wa safari yako unakatika. Wengine huifunga simu kwenye usukani na kuiacha ikiwaka. Sisi hatushauri hivyo kama huna waya wa kuchaji. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Chini ya hapo betri ya lithiamu hudhoofika, na simu inaweza kuzimika ghafla hata kama inaonyesha chaji imebaki. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, uitoe kwenye njia panda. Mstari uliokatika si hasara kubwa. Simu iliyozimika ukiwa mbali na watu ni hatari.

Na pale ramani inapoonyesha njia ikivuka ziwa, elewa kwamba haijui unene wa barafu ya siku hiyo. Waulize wanaotunza njia hizo kabla ya kuvuka, na wasipokuwepo, zunguka.