Barua kwa mwanangu: nani atasimama nao?

Mwanangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Sisi huku Kondoa hatujambo. Presha ya mama yako imeshuka tangu abadilishiwe dawa, magoti ndiyo bado yanamtesa asubuhi.

Mzigo nimemkabidhi konda wa basi la alfajiri, ataushusha Mbezi, kituo cha Magufuli. Ndani kuna pinde mbili, mishale, ubuyu wa wajukuu na dumu la mafuta ya alizeti. Upinde mrefu wenye uzi mwekundu kwenye mshiko ni wa Rehema, mfupi ni wa Idrisa. Usiwape kabla hujaimaliza barua hii. Ukishaisoma mpe na baba yao aisome, kwa sababu wewe mwezi wa tisa unaondoka kwenda Uturuki, na mimi swali langu ni lilelile la kwenye simu: nani atasimama nao?

Uliponijibu kwamba dada wa kazi yupo, sikulala. Yule binti anapika, anafua, anampeleka Idrisa shule na kumrudisha. Mtoto akivuta upinde anatakiwa awepo mtu mzima asiye na kazi nyingine mkononi. Mwenzio namheshimu, ni mtu wa kazi, lakini anafika nyumbani giza limeshaingia. Sasa hesabu mwenyewe saa zilizobaki.

Nikueleze nilivyozitengeneza ili ujue unachokipokea. Miti ni mkole, nimeikata mpakani mwa shamba letu kiangazi kilipoanza, mti ukiwa hauna maji mengi. Siku hiyohiyo nilizipaka ncha rangi, kwa kuwa mti mbichi hukauka upesi kupitia nchani na huanzia hapo kupasuka. Nikaifunga kwenye ubao ulionyooka, nikaiweka stoo kivulini hadi ikakauka. Mwenye haraka huianika juani, akaja kupata kuni.

Upande wa nje, ule unaotazama shabaha, sikuupitisha kisu. Nimetoa gome tu, nikauacha mti jinsi ulivyoota. Upinde ukivutwa, upande huo ndio unaonyooshwa, na ukikata nyuzi za mti hapo umeshaamua utavunjikia wapi. Utavunjika mtoto akiwa ameuvuta hadi shavuni, kipande kije usoni. Kazi yote nimeifanya upande wa ndani: panga kidogo, kisha tupa, kisha kigae cha chupa cha kukwangulia, mwisho msasa. Kila nilipopunguza niliulaza kwenye misumari ukutani, nikauvuta upote, ule uzi wa upinde, kwa kamba taratibu, nikarudi nyuma kuutazama unavyopinda. Mkono mmoja wa upinde ukionekana mgumu naweka alama ya mkaa, nakwangua pale tu, nauvuta tena. Hapo ndipo watu wengi hukosa subira. Upinde ukipinda sehemu moja tu, sehemu hiyo ndiyo inayobeba nguvu yote, nayo huchoka.

Kwenye upinde wa Rehema, chini ya mshiko, kuna kifundo. Nimepaacha panene makusudi. Asije fundi yeyote wa huko akapalainisha akidhani nilisahau.

Vile vipimo ulivyonitumia, vya mikono ikiwa imenyooshwa kutoka kidole cha kati hadi kidole cha kati, ndivyo nilivyofuata. Unagawa kwa mbili na nusu, unapata mtoto ataishia wapi kuvuta. Rehema sentimita 52, Idrisa 45. Kwa hiyo upinde wa Rehema una sentimita 115 na wa Idrisa 95, maana upinde wa mti mmoja ukiwa mfupi kuliko mara mbili ya mvuto wake unaulazimisha. Nilizipima kwa mizani ya kuning'iniza: wa dada mtu unavutwa kwa kilo 7, wa mdogo wake kilo 4 na kitu. Usidharau kilo 4. Jicho halihitaji hata moja.

Jicho ndilo linaloninyima raha. Mfupa uliovunjika hospitali wataufunga, utaunga. Jicho likipasuka, mama, limekwenda.

Ndiyo maana mishale haina kichwa cha chuma wala haijachongwa ncha. Ni matete yaliyonyooka, nyuma manyoya ya kanga, mbele nimefunga duara la kandambili lenye upana wa sentimita 5, ili lisipite kwenye tundu la jicho. Hata hivyo likigonga usoni linaumiza. Duara likilegea, mshale huo uvunjeni siku hiyohiyo. Rehema ni mwepesi wa mikono, atataka kulirudishia mwenyewe kwa gundi. Akatazwe.

Nilipokwenda Mang'ola kununua vitunguu niliwaona Wahadzabe, wale wawindaji. Watoto wao wa kiume hushika upinde wakiwa na miaka mitatu hivi, na kutwa wanapiga magome na panya. Upinde wa mtu mzima kule una nguvu hata ya kilo 30, upote wake ni mishipa ya wanyama. Najua utanijibu kwamba watoto wale mbona hawasimamiwi na mtu. Wanasimamiwa, Mwajuma. Kambi nzima iko pale, mjomba anachonga mshale wake hatua chache kutoka hapo, babu yupo, kaka mkubwa yupo, na mtoto akielekeza upinde kwa mwenzake anasikia sauti papo hapo. Hakuna aliyefungiwa ndani ya geti na kuachiwa upinde. Kinachowalinda ni wale watu, na watu hao kwenye fleti yako siwaoni.

Na kwa kuwa nimewataja Wahadzabe: lile waridi la jangwani ulilolipanda kwenye chungu kibarazani, liondoe kabla hujasafiri. Utomvu wake ni sumu, wao huuchemsha mpaka uwe mzito mweusi, wakaupaka kwenye mishale ya wanyama wakubwa. Rehema alinisikia nikimsimulia kaka yako habari hiyo, na mtoto yule kitu akikisikia anakwenda kukijaribu. Mpe jirani asiye na watoto, au litupe. Ukilikata, vaa glavu.

Sasa namna ya kucheza, na hili lisomeni wote wawili na mwenzio. Wapige nje kwenye uwazi, kamwe si koridoni. Jaza gunia makapi ya mpunga au nguo kuukuu, liegemezwe ukutani pasipo na njia ya watu. Wote wasimame mstari mmoja, anayesubiri akae nyuma ya anayepiga. Mshale hauokotwi hadi wote wamemaliza na pinde zimelazwa chini. Hakuna kupiga juu, kwa sababu unaopanda hujui utamshukia nani. Na upote usiachiwe bila mshale, hata kwa kujaribu: nguvu iliyokuwa iende na mshale inarudi kwenye mti, mti unapasuka.

Wakimaliza, upote ufunguliwe. Upinde uliolala na upote wake kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba, unadhoofika huku unauona mzima. Joto la Dar na unyevu wa bahari vitauregeza, kwa hiyo uwekwe ndani, umelala juu ya misumari miwili, usisimamishwe pembeni mwa friji wala kuachwa kwenye gari. Mafuta ya alizeti kidogo kwenye kitambaa, mara moja kwa mwezi, yanatosha. Upote ni wa katani niliyoisokota mwenyewe na kuipaka nta. Ukianza kutoa manyoya, wapumzike, niandikieni nitume mwingine. Wasifunge waya.

Upinde wa Rehema ndio niliouanza, na mti ulionyooka zaidi nimempa yeye. Wewe unajua sababu, hatuna haja ya kuirudia.

Kuhusu safari yako sina pingamizi. Mama yako amemtangazia kila mtu msikitini kwamba binti yake anakwenda kusoma uzamili, na mimi dukani nikiulizwa nasimama wima kujibu. Katika ukoo wetu hajafika mtu huko. Ila ulitueleza mambo yakiwa yamekwisha, viza imetoka, tiketi imekatwa, kana kwamba ungetuuliza tungekuzuia. Na Idi zote mbili hamkuja. Miaka miwili kwa mtoto wa miaka sita ni mingi. Atakaporudi kukuona atakuwa na meno mengine.

Kwa hiyo nasema, na mwenzio asinielewe vibaya. Likizo ya Desemba waje huku, na pinde zao. Hapa nitasimama nao mimi, asubuhi kabla ya jua kali na alasiri baada ya sala, sina ofisi ya kwenda. Nitawapeleka Kolo waone michoro ya mwambani, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, waone watu wa zamani walivyochora wanyama na mawindo. Kuwinda chochote hapana. Kwa sheria ya wanyamapori ya 2009 mwenye kuwinda bila kibali anajitafutia kesi, na hawa ni watoto, gunia linawatosha. Na kama mwakani mtaona wasome huku hadi urudi, shule iko karibu na chumba cha kaka zako kipo wazi. Nimetia wavu wa mbu mpya dirishani. Mzungumze ninyi wenyewe, siwaingilii.

Kama hamtaki hata Desemba, basi pinde zote mbili zikae juu ya kabati lenye ufunguo, ufunguo awe nao baba yao, na zitoke Jumapili yeye akiwepo. Nitamuuliza kwa simu kila Jumapili nani alisimama nao. Mwambie mapema asije akakasirika.

Alizeti mwaka huu imetoka vizuri kidogo, nimebakiza magunia ya kukamua. Uwele ndege wameumaliza. Yale mabati ya jikoni uliyotutumia pesa yake yameezekwa, ila fundi aliacha upenyo upande wa tangi, mvua ikinyesha mama yako anahamisha mafiga. Namsubiri arudi. Baba mdogo wako anaposa kwa niaba ya kijana wake, anataka kila nyumba itoe mbuzi. Nimemwambia wa kwako nitamtoa kwenye zizi langu, utanirudishia ukianza kazi. Cheti chako cha kuzaliwa kiko humu ndani ya bahasha ya kaki, usikitupe na maboksi.

Mama yako anasema nguo za baridi ununue hukohuko Uturuki, usijaze begi na masweta ya mtumba. Na basi likifika nipigie kwa namba yake, simu yangu betri haishiki chaji. Dumu lirudishe tupu na gari lolote la Kondoa. Konda nimeshamlipa, asikudai tena.

Wasalaam,
Baba yako