Risala ya Wanafunzi wa Mwaka wa Nne wa Uhandisi Mitambo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Miradi ya Usanifu, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara, wahadhiri wetu, mafundi wa karakana, wazazi, na kina mama mliotoka Kongwa alfajiri kuja kuiona mashine yenu: mbukwenyi!

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Dodoma ya siku hizi mikutano haiishi, na tunajua leo ulihitajika kwingine pia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miaka mitatu ya mwanzo tulifundishwa kukokotoa. Swali la mtihani huja na kila kitu: mzigo kiasi gani, shafti urefu gani, chuma cha aina gani. Jibu ni moja, nawe unalitafuta. Mwaka wa nne somo la usanifu likatugeuzia kibao. Tuligawanywa katika timu za watu watano watano, na badala ya swali kila timu ikapewa mtu mwenye shida yake: mkulima wa zabibu wa Hombolo, mwenye kinu cha kukamua alizeti, kikundi cha wakulima wa karanga wa Kongwa. Kazi zote utaziona mezani. Hapa turuhusu tueleze moja, ya kubangua karanga, kwa kuwa ndiyo iliyobishaniwa kuliko zote.

Msimamizi alikataza mtu kuchora hata mstari kabla ya kufika kijijini. Kule tukakuta kasi ya kubangua siyo kilio cha kwanza. Kina mama hunyunyizia karanga maji ili ganda lilainike, vidole visichubuke. Unyevu ukibaki kwenye punje hukaribisha ukungu, na ukungu ndio unaozalisha sumukuvu. Mkoa huu hauhitaji kusimuliwa habari hiyo: mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Basi lengo likawa mashine ya kubangua karanga zikiwa kavu, tena bila kuvunja punje, maana iliyopasuka haifai kwa mbegu na sokoni bei yake hushuka.

Hapo ugomvi ukaanza. Nafasi kati ya ngoma inayosugua karanga na wavu unaopitisha punje ikiwa finyu, punje zinasagika. Ikiwa pana, karanga ndogo zinapita na maganda yake. Na gunia moja lina ndogo na kubwa. Wawili walitaka nyavu za kubadilisha, wawili walitaka nafasi inayorekebishwa kwa bolti, wa tano alitaka kwenda kulala. Tulichora jedwali, tukavipa uzito vigezo vyote, gharama, usalama, wepesi wa kutumia, na bado pande mbili zikakaribiana. Aliyekata shauri ni fundi wa karakana, kwa kuuliza tu: ikiharibika katikati ya msimu, nani ataitengeneza kijijini, na kwa spana gani? Bolti ikashinda. Mota nayo ikaondoka, ikaja pedali, na vibao vya kusugulia vikavishwa mpira wa tairi kuukuu.

Tulisomeshwa pia habari za Kongwa yenyewe. Mwaka 1947 Waingereza walianza kupeleka matrekta huko, mengine mabaki ya Vita vya Pili vya Dunia, walime karanga kwa ukubwa ambao nchi hii haikuwahi kuuona. Udongo wenye mchanga mkali ukala majembe, kiangazi ukawa mgumu kama tofali, mvua nayo ikasuasua. Mwaka 1951 mradi ukatelekezwa, mamilioni ya pauni yakiwa yameteketea. Wagogo walikuwepo palepale, na udongo ule wanaujua. Kwetu sisi hiyo ni hesabu ya usanifu iliyoanza bila kuuliza, na kwa maoni yetu ingestahili kufundishwa katika kila chuo cha uhandisi nchini.

Kuhusu kazi ya timu, hatutakupamba. Wapo wanaobebwa. Ndiyo maana kila mwanatimu humpima mwenzake kwa siri, na daftari la mradi, lenye tarehe na sahihi, huonesha nani alikereza shafti na nani alitokea siku ya kupiga picha. Hata waliokatwa alama wanakubali, japo kwa shingo upande.

Mheshimiwa, tatizo kubwa ni muda. Mradi ni wa muhula mmoja. Hadi vyuma vinunuliwe na zamu ya mashine ya kukereza ifike, muhula umekwisha, na timu nyingi huishia kwenye jaribio la kwanza. Jaribio la pili ndilo linalofundisha zaidi. Tunaomba utusemee mradi uwe wa mwaka mzima. Tunaomba pia mfuko mdogo wa vyuma na beringi, ili timu zisichangishane fedha za kujikimu, na meza kwenye viwanja vya Nanenane pale Nzuguni, wakulima wazijaribu mashine hizi na kuzikosoa wenyewe.

Gunia la karanga liko pale karibu na mlango, kavu. Baada ya risala hii tunakuomba uketi kwenye mashine, ukanyage pedali, kisha kina mama wa Kongwa wahesabu punje zilizovunjika.

Tunaomba kuwasilisha.